Zimwi Lililotaka Kuitwa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia akalale!

Hatusinzii, simulia!

Basi, hapo kale palikuwa na mfinyanzi, jina lake Mkejina. Mumewe alikufa akamwachia mtoto mmoja wa kike, Tunu, na tangu mtoto azaliwe kijiji kizima kilimwita Mama Tunu. Tunu alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini chungu kinalia kikigongwa? Kwa nini kuku hana meno? Ukimjibu moja anakuletea matatu. Mnacheka, kana kwamba siwajui.

Siku moja Mkejina alikwenda peke yake shimoni kuchimba udongo. Mgongo ulimuuma, na usiku wa jana hakulala kwa homa ya mtoto. Akasema, "Laiti ningepata siku moja nisiitwe Mama Tunu."

Sauti ikatoka shimoni. "Nipe mimi hilo jina."

Lilikuwa zimwi. Mkejina akarudi nyuma, lakini zimwi halikumgusa.

"Sitaki nyama yako," likasema. "Nataka jina tu. Nipe, nawe uende ukapumzike."

Mkejina akawaza: jina si mtungi, nikilitoa nitapungukiwa na nini? Akasema, "Chukua." Maskini, hakujua anatoa nini.

Akarudi nyumbani, akamkuta Tunu mlangoni. Mtoto akamtazama, akamwambia, "Shikamoo, bibi. Umemwona mama yangu?"

"Marahaba," akaitikia Mkejina, akapita. Hakushtuka. Ndani yake kulikuwa kimya.

Jua likazama. Nyuma ya ua sauti ikaita, "Tunu, mwanangu, njoo."

"Abee, mama," mtoto akaitika, akatoka, akashika njia ya shimoni. Mkejina alimwona akienda, akamtazama kama mtu anavyotazama mbuzi wa jirani. Ndani yake kulikuwa kimya.

Basi akaketi kula. Hapana maswali, hapana kelele, ndiyo ile raha aliyoiomba. Lakini chakula hakikuwa na ladha. Akataka kuimba, nyimbo hazikuja. Giza likaingia, wala hakuliogopa, maana hakuwa na wa kumwogopea. Ndani yake kulikuwa kimya.

Mara mkono wake ukamega tonge la pili, naye akalipuliza. Fuu, fuu, fuu. Akaliangalia lile tonge lililopoa. Nampozea nani? Machozi yakamtoka kabla hajapata jibu. Akaacha sinia wazi, akakimbilia shimoni.

Alimkuta Tunu amepakatwa na zimwi. Lilikuwa linamlisha uji wa moto, na mtoto analia, midomo imeungua. Na zimwi, wajukuu zangu, halijui kulea. Likichoka na kilio humeza mwenye kilio.

"Nani wewe?" zimwi likauliza.

"Sijui," Mkejina akasema. "Jina ni lako, sikudai. Lakini huo uji ni wa moto."

Akachukua upawa, akapuliza. Fuu, fuu, fuu. Tunu akanyamaza, akafungua mdomo, akameza. Kisha akamtazama usoni.

"Mama," akasema, "kwa nini umechelewa?"

Pale pale jina likarudi kwa mwenyewe, na vyote vilivyokuwa vyake vikarudi nalo: woga, nyimbo, hata maumivu ya mgongo. Mkejina akamnyakua mwanawe, akalia kwa furaha.

Zimwi halikuinuka. "Mimi ndani ni mtupu tangu nizaliwe," likasema. "Leo nimeitwa mama mara moja tu, nikasikia kitu kinatembea humu kifuani. Niachie hata nusu."

"Jina hili haligawanyiki," Mkejina akajibu. Alilionea huruma, kweli, lakini alimbeba mwanawe mgongoni akaenda zake.

Nyuma yao zimwi likaanza kulia, na kilio kikawafuata njia nzima. Wanasema hadi leo, jua likizama, linazunguka nyuma ya nyua za watu likiita watoto wasio wake. Mkilisikia, msiitike.

"Mama," Tunu akauliza mgongoni, "kwa nini linalia?"

"Halina wa kulichosha," mama yake akasema.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini, haiendi tena. Na funzo lake ni hili: mtoto humchosha mzazi mwili, lakini ndiye anayemjaza moyo. Anayelikataa la kwanza, la pili halipati.