Farasi Aliyelia Kwenye Ubao

Ndugu zangu, yawekeni kando kwa muda mambo mliyokuja nayo, mwingie pamoja nami katika chumba kinachonuka rangi ya mafuta. Humo yumo mwanamke mmoja, mchoraji wa picha kwenye mbao, na mdogo wake wa kike. Tangu mama yao afariki walifanya kazi pamoja. Mdogo alipiga randa na msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto, akaupaka rangi nyeupe mara mbili. Ndipo dada alipochora kwa mkaa, kisha akajaza rangi.

Safari hiyo walipewa kazi kubwa. Kanisa jipya lilitaka mbao tatu za ukutani, zenye wapanda farasi wanaokwenda kumlaki mfalme. Siku ya kufunguliwa ilikuwa imeshatangazwa, na jina la dada limeshatajwa mbele ya waumini.

Farasi mwenyewe hawakuwahi kumwona kwa karibu. Walimtazama punda wa muuza maji, wakamrefusha shingo, wakampunguza masikio.

"Dada, huyu akifungua mdomo tu tumeumbuka," alisema mdogo akicheka. "Atalia kama punda."

"Hebu nyamaza, nisogezee brashi."

Lakini kabla ya hapo, siku ile ubao wa kati ulipokuwa ukipigwa msasa, mdogo aliweka kidole mahali penye fundo la mti. "Dada, ubao huu bado mbichi. Hapa pananata. Tuuanike juani wiki mbili."

"Na kanisa litusubiri sisi? Paka rangi."

Akapaka.

Farasi wa kati alipokamilika, mdogo alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama. "Wengine wazima, ila huyu ana huzuni. Utadhani anataka kulia."

Kesho yake asubuhi palikuwa na doa chini ya jicho la farasi yule. Doa la manjano, limeteremka kama chozi. Dada alishangaa, akapaka rangi juu yake. Kesho yake doa lilikuwepo tena. Alipanda juu ya meza kukagua bati la paa kama linavuja, hakuona tundu. Alifunika ubao kwa shuka, lakini alipolifunua, farasi alikuwa analia. Jirani mmoja alichungulia mlangoni, akasema hii ni ishara kutoka mbinguni. Mwingine akanong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Mwanamke yule hakujua ashike lipi. Alisali, akapaka tena, na akili yake ikazunguka mpaka ikatua mahali pamoja.

"Ni wewe," alimwambia mdogo wake.

"Mimi nimefanya nini?"

"Nani alisema farasi analia? Nani mwingine anaingia humu?"

"Dada! Niharibu ubao niliousugua kwa mikono yangu?"

"Umechoka kusugua. Unataka na wewe utajwe kanisani."

Mdogo aliweka chini kipande cha msasa, akapangusa vumbi mikononi, akafunga nguo zake, akaenda kwa shangazi yao.

Dada akapaka jicho lile kwa rangi nzito. Akafunga dirisha, akatia kufuli mlangoni, akafunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake. Siku hiyo alilala usingizi mzuri.

Asubuhi akaenda kwenye chumba kile. Simameni naye pale mlangoni, ndugu zangu. Kufuli halijaguswa. Dirisha limefungwa vilevile. Anafungua, na farasi analia.

Sasa ni nani? Mtu amlaumu nani, ikiwa aliyekuwa akilaumiwa ameshafukuzwa? Alitazama hata mikono yake mwenyewe, akajiuliza kama haamki usingizini akalifanya yeye bila kujua. Kwa woga akanyoosha kidole, akaligusa lile doa. Kidole kikanata.

Akachukua kisu, akakwangua. Likatoka jicho, likatoka shavu, ikatoka ile rangi nyeupe ya chini. Na pale chini kabisa, fundo la mti, limelowa utomvu.

*Hapa pananata.* Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza.

Alikwenda mbio kwa shangazi, rangi ingali kwenye kucha. Akamkuta mdogo wake uani, anachambua maharage. "Mdogo wangu, nisamehe. Si wewe. Ni ubao, ulikuwa mbichi kama ulivyosema."

Mdogo hakuinua macho. "Dada," alisema, "na kama doa lisingerudi, ungekuja?"



Mnataka kujua kanisa lilifunguliwaje? Zilitundikwa mbao mbili, na katikati ukuta mtupu. Ubao wa tatu ulikuwa juani. Kama mdogo alirudi, hilo siwaambii, maana mkilijua mtakwenda zenu mmeridhika.

Sisi, ndugu zangu, tunamwomba Mungu kila siku atuondolee doa. Tunanung'unika likirudi. Je, kama kulirudisha ndiyo huruma yake? Lingekauka siku ile, mwanamke yule angekwenda kanisani kwa shangwe, na ndugu yake angebaki mwizi wa heshima yake mpaka kaburini. Yupo mtu tuliyemtoa nyumbani kwetu kwa sababu ya kitu kilichotoka ndani ya ubao wetu wenyewe. Tunamjua. Anaketi uani kwa watu, anachambua maharage ya watu.

Basi mimi siwaulizi kama mtaomba msamaha siku mtakapopata ushahidi. Siku hiyo kila mtu ataomba. Nauliza ni nani kati yetu atakayetoka hapa leo aende kwa yule aliyemtoa, wakati doa bado halijarudi.