Yule Aliyechinja Jogoo

Wapendwa, leo nataka niwaambie habari za mama mmoja, na tafadhali msianze kugeuka nyuma kutazamana, maana si wa usharika huu. Mama huyo alikuwa na fahari moja tu duniani. Gari hakuwa nalo, wala vitenge vya kubadilisha kila Jumapili. Fahari yake ilikuwa jiko lake. Tangu aolewe, hakuna ndugu wa mume aliyewahi kutoka kwake na njaa, na jambo hilo alilisema mwenyewe, tena kwa sauti: sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, hata msibani. Wenzake walimchoka, lakini hawakuweza kumbishia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa sikilizeni ukoo wenyewe alikoolewa. Mama mkwe ana kisukari. Shemeji mkubwa ana vidonda vya tumbo. Akionja maharage au pilipili, usiku nyumba nzima hailali. Wifi ni Msabato, na nyama hagusi kabisa. Shemeji mdogo alisilimu alipooa, yeye na mkewe hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Watu hao utawapikia nini? Wewe uliyekaa hapo mbele na kutabasamu, ungeanzia wapi?

Basi Jumapili moja, ametoka ibadani, hata khanga ya kushindia hajaifunga, anasikia honi getini. Ukoo mzima! Wanatoka harusini, wanapita njia, wakaona si vizuri kupita bila kusalimia. Hodi, karibuni, shikamoo, marahaba. Mama mkwe akaketi, akajipepea, akasema, "Usihangaike, mwanangu. Sisi hata maji yanatutosha."

Mnacheka kwa sababu mnajua. Mama mkwe akikuambia maji yanatosha, nawe ukampa maji kweli, habari hiyo itasimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo mpaka wajukuu waolewe. Yule mama alijua kwamba jina lake lote alilojijengea liko mashakani alasiri ile. Na kitoweo kilichokuwemo ndani ni kipi? Kitimoto cha mumewe! Akakifunika haraka, akakisukuma kule nyuma ya ndoo, akaitoa ile sufuria aliyoitenga tangu shemeji asilimu, ambayo haijawahi kuonja mafuta ya nguruwe. Kisha akakamata jogoo wake, akaenda naye mpaka kwenye ua wa jirani.

"Baba, shikamoo! Tuna wageni!"

"Marahaba, mwanangu. Nakuja."

Jirani huyo alikuwa mzee Mwislamu, mgane, watoto wake wameshahamia mbali. Hakuhitaji maelezo. Wakija wageni yeye ndiye huitwa, miaka yote, ili kila mmoja mezani ale bila shaka moyoni. Akaja na kisu chake mwenyewe, akamwelekeza jogoo kibla, akalitaja jina la Mungu, akachinja. Akanawa bombani. "Haya, wageni wale kwa amani," akasema. "Asante sana, baba, Mungu akubariki," mama akajibu, na mzee akarudi kwake.

Ndugu zangu, mngemwona jikoni! Jiko la mkaa linawaka, la gesi linawaka, mwiko haupumziki. Mtori laini wa ndizi, usio na pilipili wala ndimu, huo ni wa shemeji mkubwa. Ugali wa dona kidogo na mchicha mwingi kwa mama mkwe. Wifi akapata kunde za nazi na chai ya tangawizi isiyotiwa majani. Wali na jogoo wakaingia mezani kwa hao wengine, na hakuna aliyeulizwa swali hata moja, maana mama alikuwa na masharti ya kila tumbo kichwani mwake.

Wakala. Wakala mpaka wakafungua vifungo. Shemeji mdogo akasema, "Shemeji, kwa watu wengine mimi huwa naaga kabla chakula hakijaja. Hapa kwako nakula bila kuuliza." Mama mkwe naye, ambaye kumsikia akisifu ni kama mvua ya kiangazi, akafuta midomo, akasema, "Nimezaa watoto wa kila namna, nawe umewakalisha meza moja. Mimi mwenyewe ningeshindwa."

Yule mama akasimama mlangoni, kifua mbele. Nami sitamlaumu. Alistahili sifa ile.

Ndipo mama mkwe akatazama huku na huku. "Ila yule aliyechinja simwoni."

"Aa, mama, yule si mgeni. Ni jirani tu, anakula kwake."

"Anakula nini?"

Yule mama anayejua chumvi ya huyu na sukari ya yule, hakujua mtu wa ng'ambo ya ua anakula nini. Alikuwa amekijua kisu chake tu. Aibu ikampanda, akaona chakula chote alichopika kinamtazama.

Akapakua sahani, akaifunika, akatoka. Alimkuta mzee amekaa peke yake mlangoni, na kipande cha muhogo kilichopoa na chai ya rangi. Mama akauliza, "Baba, wewe huwa huli nini?"

Mzee akacheka. "Mimi tumbo langu halina masharti, mwanangu. Kinachonishinda ni kula peke yangu. Tangu mama yao afariki, chakula hakipiti."

Unadhani aliiacha ile sahani? Hakuiacha. Aliirudisha nyumbani vilevile, imejaa, na mzee akimfuata nyuma. Mama mkwe akasogea kwenye kochi, shemeji mdogo akanyanyuka kumpa mkono, na mume wa yule mama akaitoa firigisi kwenye sahani yake mwenyewe akamwekea mzee. Mzee akala, akaongeza, akaanza kusimulia hadithi za ujana wake mpaka wageni wakasahau kwamba wanapita njia. Siku ile yule mama alijivuna kuliko siku zote, na mimi nasema mwacheni ajivune!

Sasa sisi. Sisi hatuna choyo, wapendwa. Akija mtu na njaa tutampa. Lakini ni nani huyo tunayemwita tukiwa na shida na mikono yake, kisha tunamwambia Mungu akubariki na kufunga mlango? Yuko anayetuchimbia kaburi tukifiwa. Yuko anayekoroga ugali wa msiba tangu alfajiri, na sisi tukishakula hatujui kama yeye amekula. Tumemshukuru, ndiyo. Tumewahi kumkalisha?

Leo utafika nyumbani, utapakua. Najua mna mkono mzuri wa kutoa, nami najivunia ninyi kwa hilo. Ila nawaomba, mchana huu msimpelekee mtu sahani. Nendeni mkampigie hodi, mje naye. Na yeyote aliyekaa kwenye kochi, asogee.