Mchi wa Saba wa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, mafuta ya ufuta yalipokuwa yakikamuliwa na ngamia, nanyi hamkuwapo kwa hiyo msinibishie, katika mji wa Mtondoni palikuwa na kinu cha Bi Mwanakheri. Kinu chenyewe gogo kubwa lililochimbwa katikati, na ndani yake mchi wa mti mgumu, mrefu kuliko mtu. Ngamia alifungwa kwenye mchi, akafunikwa macho asishikwe na kizunguzungu, akazunguka tangu asubuhi hadi alasiri.

Shida ilikuwa moja tu. Mchi ulivunjika.

Ulipovunjika wa kwanza, Bi Mwanakheri aliuliza, "Nani alikuwa ameshika kamba ya ngamia?" Akaambiwa fulani. Akamfukuza fulani. Ukavunjika wa pili. "Nani alikuwa ameshika kamba?" Makame. Akafukuzwa Makame. Ukavunjika wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Nani alikuwa ameshika kamba? Akafukuzwa. Michi sita, wachunga ngamia sita, na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Wa saba kushika kamba alikuwa Shee. Mkewe, Mishi, ndiye aliyefagia kinuni, na wote wawili walikaa na watoto wao wanne katika chumba cha uani, hapohapo kinuni. Pengine pa kulala hawakuwa napo. Siku moja Shee akaingia chumbani, akakaa chini, akasema, "Mchi umeanza kulia."

Mishi aliijua sauti hiyo. Michi yote ililia hivyo siku nne tano kabla ya kukatika.

Akaenda mbio kwa Fundi Mbaruku, seremala aliyeichonga. "Fundi, nakuomba, nichongee mwingine kwa siri. Huu ukivunjika tuubadilishe kabla Bi Mkubwa hajajua."

"Njoo kwanza uone kitu," akasema fundi.

Nyuma ya nyumba alikuwa ameilaza michi sita iliyovunjika. Wa kwanza ulikuwa umeoza moyo. Huo ulikufa kwa uzee, ulikuwa wa babake Bi Mwanakheri. Mitano iliyobaki ilikuwa imepasuka mahali pamoja, shubiri mbili chini ya kichwa, upande uleule.

"Mti mbovu huvunjika popote," akasema Mbaruku. "Hii imevutwa ghafla, kila mara namna moja. Imevutwa na nini, sijui. Mimi seremala."

Wakamtafuta Makame, yule wa mchi wa pili, ambaye siku hizo alibeba magunia sokoni.

"Nilisema siku ileile," akawaambia. "Ngamia akifika upande wa kibla, mguu wa mbele unadidimia, anajitupa mbele asianguke. Nikamweleza Bi Mwanakheri. Akaniuliza, 'Kamba alishika nani?' Nikasema, mimi. Mazungumzo yakaishia hapo."

Mishi mahali hapo alipajua kwa ufagio wake.

Ijumaa, watu walipokwenda kuswali, akashika jembe akachimba upande wa kibla. Jembe likagonga chungu kidogo, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Lilikuwa kago, la kukinga husuda, na Mtondoni kila mtu alijua kwamba anayefukua kago hupofuka. Mishi akaliweka jembe chini, na simcheki, hata mimi ningeliweka. Kisha akaliokota, akachimba tena. Akatoa chungu cha pili. Akatoa cha tatu. Vilipofika sita, Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni.

"Mishi! Unafukua nini?"

"Ninauliza, Bi Mkubwa. Nani alivizika hivi?"

Ikajulikana. Kila mchi ulipovunjika, kinu kilifungwa mpaka uchongwe mwingine, na katika siku hizo Mganga Sefu aliitwa kuzika kago upande wa kibla, kwenye njia ya ngamia. La zamani halifukuliwi, linaongezewa mwenzake. Udongo ukabaki laini, mguu ukazama, mchi ukavunjika, mganga akaitwa.

"Kwa hiyo," akasema Bi Mwanakheri, "mchi unavunjika kwa sababu ya kago, na kago linazikwa kwa sababu mchi umevunjika."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Bi Mwanakheri akaomba kiti.

Alipokwisha kukaa akasema, "Shimo lijazwe mawe, lishindiliwe. Mchi huu ukimaliza mwaka, aliyeugundua ugonjwa wa kinu changu nitampa usimamizi, na chumba cha uani kitakuwa chake na kizazi chake. Mmoja tu. Sitaki kinu chenye wakubwa watatu."

Mwaka ukaisha, mchi mzima. Wakaitwa waliodai: Makame, Fundi Mbaruku na Mishi.

Makame akasema, "Nilijua kabla ya wote. Nilisema kweli, nikafukuzwa kwa kusema. Miaka mitatu mgongo wangu ni wa magunia."

"Ulijua," akasema Mbaruku, "ukaondoka umenuna. Wanne walishika kamba baada yako wakafukuzwa. Ulimwonya yupi?"

"Hakuna," akasema Makame. Mbaruku akasema, "Mimi ndiye niliyeleta ushahidi. Bila michi yangu, haya yangekuwa maneno ya kibarazani."

"Fundi," akasema Mishi, "mipasuko ile uliiona tangu mchi wa nne. Mbona uliendelea kuchonga?"

"Niliagizwa mchi. Sikuagizwa swali."

Mishi akasema, "Mimi nilichimba. Nyote mlikuwa na maneno, mimi nilikuwa na jembe, na macho yangu niliyatia hatarini."

"Na kila asubuhi," akasema Makame, "nani alikuwa akisukuma mchanga kufunika bonde lile la njia ya ngamia, sakafu ipendeze? Ungeliacha wazi siku moja tu, hata Bi Mkubwa angeliona."

"Kazi yangu kufagia," akasema Mishi.

Mganga Sefu naye alifika. Akasema, "Bila makago yangu, mngefukua nini?" Akapewa kahawa, akaombwa arudi kwake.

Bi Mwanakheri akasimama na ufunguo mkononi. Makame mgongo ulikuwa umeanza kupinda. Mbaruku alikuwa mzee, hana mtoto wa kumrithi ufundi. Na Mishi alikuwa amekwisha kunja mikeka ya chumbani tangu alfajiri, ili akishindwa asionekane akihangaika mbele za watu.

Mimi naishia hapa. Msiniambie wagawane, chumba kina mlango mmoja. Wala msiniulize kosa la Bi Mwanakheri, kinu ni chake na hakuna wa kumfukuza. Semeni tu: ungekuwa wewe mwenye ufunguo ule, na mikeka ile unaiona, je, nani alistahili?