Mzee Tsuma na Kifua cha Mwaro

Paukwa!
Pakawa!
Aa, mnaitikia kama wenye njaa. Paukwa!
Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani hizo za kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Wezi wa ng'ombe walikivamia mara kwa mara, wakaua watu. Kwa hiyo kila kiangazi watoto wote walifunzwa kutumia miili yao: kukimbia, kupigana mieleka, kurusha mkuki. Aliyewafunza alikuwa Mzee Tsuma.

Tsuma hakuwafunza wote namna moja. Dama, mwenye mguu uliopooza, alimketisha kwenye gogo, akampa kombeo. Vuu! Jiwe la Dama likienda, halikosi. Na Mwaro, mwana wa pekee wa mjane Nyevu, kifua chake kilikuwa kinabana. Akikimbia kidogo tu, kinalia: fii, fii, fii. Tsuma alimwambia apande mlima kwa kutembea.

"Kikilia, keti. Kikinyamaza, inuka."

Jioni humuuliza, "Jana uliishia wapi?"

"Kwenye mkwaju, babu."

"Na leo?"

"Nimeupita."

"Basi umeshinda."

Lakini kisimani wanawake walikuwa na ndimi. "Nyevu, mwanao anapanda mlima kama bibi arusi anayepelekwa kwa mumewe!" Kwa, kwa, kwa! Wakacheka. Nyevu akajitwika mtungi, maji yakammwagikia shingoni, wala hakuyahisi. Mumewe aliuawa na wezi wale wale. Leo mtoto wa marehemu awe kichekesho?

Akamwendea Tsuma. "Baba, mfanye mwanangu kama wenzake."

"Mwanangu Nyevu, vidole vya mkono mmoja havilingani."

"Unamdekeza!"

"Ninamsubiri."

Nyevu hakusubiri. Akaenda kwa jumbe, akalia mbele ya baraza. Na wazazi wengine wakapata pa kusemea. "Mwanangu mimi huwa wa kwanza mlimani," akasema mmoja, "mbona anasifiwa sawa na anayejikokota?"

Jumbe akagonga fimbo chini. "Tsuma amezeeka. Watoto wote ni sawa. Mlima mmoja, ngoma moja, mwendo mmoja!"

Tsuma akavuliwa kazi. Kazi hiyo akapewa Kaviha, mpwa wa jumbe, kijana mwenye misuli na sauti kubwa.

Asubuhi ya kwanza ngoma ikalia. Ndi! Ndi! Ndi! Dama akaanguka pale pale, akafukuzwa uwanjani. Mwaro akakimbia. Nyevu alikuwa amesimama kando ya njia, fahari imemjaa. Mwanawe yumo katikati ya wenzake! Mwaro akamwona mama yake, akatabasamu.

Fii, fii.

Nyevu aliisikia sauti ile. Aliisikia, wanangu. Lakini wanawake wa kisimani nao walikuwa pale, wanatazama. Akapaza sauti: "Kaza mwendo, mwanangu!"

Mwaro akakaza. Ndi! Ndi! Ndi! Fii, fii, fii, fii. Puu! Akaanguka.

Tsuma alitoka kwake mbio, magoti ya kizee yakigongana. Akamkuta mtoto amelala kifudifudi, midomo imekuwa rangi ya majivu. Akamketisha. Akamwita. Akampepea kwa nguo yake mwenyewe. Mwaro hakuitika.

Matanga yalipoanuliwa, Nyevu akaenda kwa mzee, akapiga magoti. "Baba, nitukane. Nipige."

Tsuma akasema, "Alikuwa amebakiza kidogo tu afike kileleni. Kwa mwendo wake."

Afadhali angempiga.

Jumbe aliliambia baraza kwamba siku ya mtoto ilikuwa imefika, akampeleka Kaviha kuchunga ng'ombe. Hakuna aliyemwomba Tsuma radhi. Walimletea tu watoto tena, kama mtu arudishavyo chungu cha watu alichokivunja. Tsuma akawapokea. Akamwita Dama, akamkalisha tena kwenye gogo lake. Akaendelea hivyo, kila mtoto na kipimo chake, mpaka uzee ukamlaza.

Siku ya maziko yake jumbe alisimama kaburini, machozi yanamtiririka. "Alikuwa hekima yetu! Tulimsikiliza daima!"

Watu wakaitikia, "Kweli! Kweli!"

Nyevu akauliza, wala hakupaza sauti: "Lini?"

Nyevu akatupa udongo wake kaburini, akashika njia ya kwake. Hakuna aliyemfuata.

Basi wanangu, mtoto hupimwa kwa jana yake, hapimwi kwa miguu ya jirani. Na mwenye hekima msikilizeni angali hai, maana sifa za kaburini hazimfufui yeye, wala hazimfufui yule aliyekufa kwa kuwa hamkumsikiliza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Uchungu wake nimewaachia.