Fisi-maji na Sufuria ya Paka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimesinyaa hivyo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, nisipige kelele.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya mbali yenye baridi, mto uliganda kila mwaka ukawa mgumu kama jiwe, na theluji ilianguka kama unga. Huko aliishi Biva, na mkewe Mama Biva, na watoto wao. Biva hamumjui, huku kwetu hayupo. Ana manyoya mazito, ana meno kama patasi, na mkia wake ni bapa kama mwiko wa ugali. Kazi yake ni moja, kuzuia mto. Hukata miti, huburura, hukandika tope, kisha hupiga kwa mkia, pa! pa! pa! Nyuma ya ukuta wake maji yakatulia, yakawa bwawa, na bwawani wakajaa samaki.

Jirani yake alikuwa Bi Fisi-maji. Huyu kazi ya ukuta hakuijua. Alijua kuogelea, kula samaki, na kuongea. Jamani, aliongea! Siku moja moja alitaka kusaidia kubeba tope. Biva alicheka.

"Jirani, wewe kula samaki wako. Ukuta niachie mimi."

Basi akamwachia.

Kwao kulikuwa na desturi. Mgeni akila kwako, amekuwa ndugu. Ndugu akikupa kitu, unakipokea, nawe unampa kitu. Hakuna anayeuliza kipi kikubwa na kipi kidogo. Waliishi hivyo, na hawakugombana.

Ikaja mashua kubwa kutoka ng'ambo. Akashuka Paka. Masikio yamekufa ganzi, fizi zinatoka damu, anatetemeka, te-te-te-te.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, mgeni," akasema Bi Fisi-maji. "Ee, mbona hali yako mbaya hivi?"

"Bahari imenitesa, dada. Naomba mahali pa kukaushia mkia tu. Ukikauka, naondoka."

Bi Fisi-maji akamwonea huruma. Akachuma majani ya msonobari. Akatia maji katika chombo cha gome, akatumbukiza mawe ya moto, chwiii! chwiii! Maji yakachemka, akamnywesha. Asubuhi akamnywesha, jioni akamnywesha, mpaka fizi zikapona na Paka akasimama wima.

Paka akafurahi. Akaenda mashuani, akarudi na sufuria ya shaba. Ninyi mmezaliwa mkazikuta sufuria jikoni, hamwezi kujua. Bi Fisi-maji hakuwahi kuona chombo kinachokaa juu ya moto bila kuungua. Alijitazama uso mle ndani, akacheka peke yake.

Akakimbia kwa Biva.

"Jirani, ndugu yetu amenipa kitu cha ajabu. Nami nimpe nini?"

Biva akafikiri. Akazama, akaingia nyumbani kwake, akatoka na ngozi ya marehemu bibi yake, aliyoitunza kwa kumbukumbu.

"Mpe hii. Masikio yake yana baridi."

Paka akajifunika ile ngozi. Joto likampanda mpaka puani. Macho yake yakawa membamba.

"Dada, ngozi kama hizi zipo nyingi?"

"Hiyo ni ya bibi. Zilizobaki wamezivaa wenyewe."

"Ahaa," akasema Paka.

Mkia ulikwisha kukauka. Paka hakuondoka. Akajenga nyumba. Akaizungushia uzio. Bi Fisi-maji aliuona uzio, akajiambia, labda kwao ndivyo wanavyojenga.

Jioni moja walikaa motoni, sufuria inatokota.

"Dada, mlango wa nyumba ya Biva mbona siuoni?"

Bi Fisi-maji akacheka. "Utauonaje? Uko chini ya maji!"

"Basi hatoki?"

"Hutoka, tena mbio! Wewe toboa ukuta kidogo tu. Maji yakianza chururu, chururu, Biva hakai. Awe amelala, awe mgonjwa, atatoka kuziba. Hawezi kuvumilia sauti ile. Ndivyo alivyo jirani yangu!"

Alisema kwa fahari. Alikuwa anamsifu rafiki yake, hakujua kwamba anamuuza.

Alfajiri Paka akaenda ukutani na mtego wa chuma. Akatoboa. Chururu, chururu. Biva akasikia. Akatoka mbio, tope kifuani.

Kacha!

Kulipokucha, Bi Fisi-maji akamkuta Paka amevaa kofia mpya. Manyoya yake aliyajua. Yalikuwa na doa jeupe, pale mti ulipomwangukia Biva zamani.

"Paka! Kofia gani hiyo?"

"Baridi, dada. Na kwetu mfalme ana baridi, na wajomba wa mfalme wana baridi." Akaweka sufuria nyingine mbele yake, kubwa kuliko ya kwanza. "Hii yako, ndugu yangu."

Hapa ndipo roho inaponiuma. Angeipiga teke ile sufuria! Angekimbia kumwambia Mama Biva, "Shoga, leo hata ukisikia maji yanatiririka, usitoke!" Hakukuwa mbali. Lakini alijiambia, desturi ni desturi, zawadi ya ndugu haikataliwi. Na sufuria ilikuwa inang'aa. Akaipokea. Akanyamaza. Yeye, msemaji wa bwawa zima, siku hiyo alikosa neno.

Chururu. Akatoka Mama Biva. Kacha!

Chururu. Wakatoka watoto. Kacha! Kacha!

Paka akafunga ngozi, akazipakia mashuani.

"Nakwenda juu ya mto, dada. Nasikia huko nako wako mabiva."

"Na sisi je?"

"Ninyi mna sufuria."

Akaenda zake. Uzio akauacha pale pale.

Tundu la ukuta likabaki wazi. Chururu, chururu, mchana kutwa, na hakuna wa kuziba. Maji yakashuka. Mlango wa Biva ukaonekana, mweusi, hauna mtu. Samaki wakapapatika kwenye tope.

Bi Fisi-maji akachota tope kwa viganja, akabandika. Maji yakalichukua. Akabandika tena. Yakalichukua tena. Hakujua kazi ile. Akashika sufuria. Akateremka chini ya ukuta, akachota maji, akapanda, akayamwaga bwawani. Akateremka, akachota, akapanda, akamwaga. Maji yakatokea pale pale, chururu.

Wanyama wakamwambia, "Bi Fisi-maji, pumzika sasa."

"Atakuja," akasema. "Akiisikia sauti hii atakuja. Hawezi kuivumilia."

Akasimama, akasikiliza. Hakuja mtu.

Basi, watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mnasinzia, sikieni. Mgeni mkaribisheni, mchemshieni maji, mponyeni. Hapo Bi Fisi-maji hakukosea. Lakini mlango wa jirani si wako kuuonyesha. Na ukiona ngozi ya jirani yako kichwani mwa mgeni, usipokee sufuria.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye bwawa lililokauka. Mwenye jirani akamjulie hali kabla hajalala.