Mpaka wa Aikande

Hii nimeipokea kwenye kundi letu la kwaya, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliishi mjane mmoja, jina lake Aikande. Shamba lake la migomba lilipakana na la Mzee Ndesario, ambaye alikuwa amehamia mjini. Katikati palipandwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huweka kuwa mpaka.

Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira. Udongo ukaporomoka, masale yote yakafukiwa.

Kirenga, mdogo wa marehemu mumewe, hakuchelewa kufika.

"Shemeji, bahati imekuja yenyewe. Panda masale mapya ng'ambo ya mfereji wa Mzee Ndesario, maji yawe yako. Mzee yuko mjini, nani atajua?"

"Mungu amekataza kusogeza mpaka wa jirani," Aikande akajibu. "Nikisogeza, Jumapili nitasimama kanisani niimbe nini?"

Kirenga alicheka mpaka akashika mbavu.

Aikande akachukua jembe, akafukua matope akitafuta mizizi ya zamani. Alipoiona, akapanda hapo hapo. Na pale asipoiona, hapa ndipo ninapomvulia kofia mama huyu, alirudi nyuma upande wake mwenyewe, asije akamdhulumu jirani hata kwa bahati mbaya. Mpaka ukapinda kuingia kwake. Maji akaendelea kuyafuata bondeni, ndoo kichwani. Kirenga akamwona mjinga wa kutupwa, hata salamu akamkatia.

Miaka ikapita, Mzee Ndesario akafariki. Mwanawe Anaeli akaja kukagua urithi, akaona mpaka umepinda.

"Mpaka wa baba ulikuwa umenyooka," akasema. "Huyu mama ameuchezea."

Akadai kwamba mpaka wa kweli ulipita nyuma ya nyumba ya Aikande, kwa hiyo nyumba ibomolewe. Hebu fikiria! Mtu amejipunja ili asiibe, na sasa anaitwa mwizi kwa sababu hiyo hiyo.

Aikande hakuwa na shahidi. Wazee walipoketi kuamua, alikuwa na neno lake tu na maombi yake.

Anaeli, mjanja wa mjini, alikuja na shahidi: Kirenga. Alishasikia kwamba hao wawili hawapikiki chungu kimoja. Aikande alipomwona shemeji yake akisimama, alijua nyumba imekwenda.

"Ni kweli," Kirenga akaanza. "Kuna mtu alitaka kuiba mpaka huu."

Anaeli akatabasamu.

"Mtu huyo ni mimi."

Kirenga akamwonyesha Aikande kwa mkono.

"Nilimshawishi huyu mama asogeze masale, akanikatalia. Pale palipopinda alijipunja mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu, nikamcheka. Kumcheka nilimcheka, ila kumsingizia siwezi. Kijana, kama kuna ardhi imeliwa hapa ni ya kwake, na aliyefaidika ni baba yako."

Wazee wakaamua mpaka ubaki ulivyo. Nyumba ikabaki mahali pake.

Anaeli aliinama kwa aibu. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba ya baba yake, akampa Aikande kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Mimi narudi mjini, na nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia nyumba na shamba la baba. Hapa simwoni mwingine wa kumwamini ila wewe."

Aikande akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Funzo: Amri za Mungu hazimlindi jirani yako peke yake, zinakulinda na wewe. Mkristo anayezitii hata pale anapoonekana mjinga, Mungu anaweza kumwinulia shahidi kutoka kwa yule yule aliyemshawishi azivunje.