Kiboko Asiyemlazimisha Mtu

Wa huku mpo?
— Tupo!
Niwape ngano?
— Tupe, hata ya uongo!
Ya uongo ndiyo ninayo. Sogeeni, na hiyo sahani ya viazi iwekeni katikati.

Kando ya mto aliishi Kiboko, tumbo kama pipa, maneno matamu. Kila aliyechimba viazi aliambiwa hayo hayo: "Jamani, nyinyi mkiachiwa viazi mtavila vyote leo, kesho mlie njaa. Acheni niwawekee akiba. Simlazimishi mtu, nawasogeza tu kwenye mema. Asiyekataa amekubali."

Mwema huyo! Na akiba aliiweka wapi? Nyingine aliirundika ukingoni, nyingine tumboni.

Bi Panya Buku alikuwa na watoto wadogo shimoni, na kiangazi kimeshafika. Akachimba, kwaru kwaru kwaru, akarundika viazi, vingine akavijaza mashavuni, maana ndivyo panya buku wanavyobeba mizigo. Hapo hapo Kiboko akatokea, tii, tii, tii.

"Shemeji, nikuwekee akiba?"

"Mmm! Mmm!" Mashavu yamejaa, atasemaje?

"Hajakataa huyu." Kiboko akazoa rundo lote.

Kesho yake, tii, tii, tii. "Shemeji, nikuwekee akiba?"

"Mmm! Mmm!"

"Hajakataa huyu."

Watoto wakalala na njaa. Mimi ningemng'ata mguu, lakini Bi Panya Buku ana akili kunishinda.

Alingoja jua la utosi, Kiboko alipozamia mtoni kujipoza. Akawaita Kobe, Ngiri na wengine wote walioibiwa, akasimama ukingoni, akaita kwa upole.

"Shemeji Kiboko! Tumeliona tumbo lako, tumekuhurumia. Tukupunguzie viazi? Hatukulazimishi, tunakusogeza tu. Asiyekataa amekubali!"

Majini: bwabwabwa, bwabwabwa.

"Hajakataa huyu!" wakaitikia wote. Kila mmoja akabeba viazi vyake.

Kiboko akaibuka, pwaa! "Viazi vyangu viko wapi?"

"Ulikubali, shemeji. Ulinyamaza."

"Nilikuwa chini ya maji, wendawazimu nyie! Kunyamaza si kukubali!"

Kobe, mzito wa kila kitu, ndiye aliyewahi kucheka. "Rudia, mzee, wa nyuma hawakusikia."

"Kunyamaza si kukubali!" Kiboko akanguruma, ndipo akajisikia mwenyewe.

Jioni akajaribu tena. "Shemeji, nikuwekee akiba?"

"Mmm! Mmm!"

"Kunyamaza si kukubali!" watoto wakapiga kelele kutoka shimoni, wameshiba.

Kiboko akaenda kula majani. Akapungua, akapendeza, wala hakuna aliyemwambia.

Ngano yangu imeingia shimoni, mwenye mkono mrefu aitoe. Na funzo lake, watoto: mkubwa akitaka kukuchagulia mema, mwache akuchagulie. Anaijua njaa yako kuliko wewe.

Haya, kiazi kimebaki kimoja sahanini. Nikile mimi, msije mkavimbiwa?

Mbona mnatafuna tu?

Hajakataa mtu.